Magoti Yaliyofutwa

Mjumbe wa kamati ya ligi alitaka nakala hamsini, na alizitaka kabla ya saa tano. Aliweka karatasi juu ya kaunta ya duka la kuchapa, akaigonga kwa kidole.

"Hii hapa, binti. Tunaibandika kila geti. Wale wanaolia kwamba fainali irudi uwanja wa udongo, wasome wenyewe wanyamaze."

Kipenga aliitazama karatasi, akabana midomo asicheke. Lilikuwa jedwali lake. Alilitengeneza wiki tatu zilizopita kwenye kompyuta hiyohiyo iliyokuwa mbele yake, akaliweka juu kabisa ya Jukwaa la ligi mtandaoni. Sasa lilikuwa limerudi likiwa na muhuri wa kamati, kama mtoto aliyetumwa dukani akarudi amepanda cheo.

Lilikuwa na mistari miwili tu. Uwanja wa udongo: mechi arobaini na nane, majeraha kumi na mawili, yaani moja kwa kila mechi nne. Uwanja mpya wa nyasi bandia: mechi arobaini, majeraha manne, yaani moja kwa kila mechi kumi. Chini yake aliandika kwa herufi nene: Hesabu haina timu.

"Nani kaliandika hili?" aliuliza, ili alisikie jibu.

"Mmoja wa wale wasimamizi wa Jukwaa. Kichwa hicho! Saa kumi leo kamati inatia saini uwanja wa fainali ya kesho, na karatasi tunayoitegemea ndiyo hii."

Mjumbe alitoka. Kipenga akaweka karatasi kwenye mashine, akabonyeza hamsini.

Jukwaa lilikuwa na watu elfu kumi na nane: wachezaji, makocha, wazazi, na wale wasiojua kupiga mpira ila hodari wa kupiga domo. Wasimamizi walikuwa wawili. Mmoja alikuwa mwanzilishi, mtunza stoo mstaafu aliyeitwa Mzee Kufuli kwa sababu alikuwa mwepesi wa kufunga mjadala ukianza kuchemka. Wa pili alikuwa yeye. Jina la Kipenga alipewa na wanachama wenyewe, maana alipofuta ujumbe hakufuta kimyakimya. Pale ujumbe ulipokuwa aliacha mstari mmoja wa kijivu wenye sababu, na sababu zake zilikuwa na vina. Watu walizisubiri. Walicheka, wakazisambaza. Wengine walivunja kanuni makusudi ili nao wapulizwe.

Mlango wa duka uligonga kengele. Aliingia mdogo wake wa kike, aliyeitwa Mshale na timu nzima, mwenye jezi begani na kiatu cha kulia hakijafungwa.

"Dada, namba saba imebanduka tena. Nampelekea mama aishone."

"Funga kiatu, utaanguka."

"Nitafunga nikikaa." Hakukaa. Aliegemea kaunta kwa kiwiko, akachungulia mashine. "Eh! Mpaka kamati inakunakili. Mwaka huu kofia haitakuenea."

"Kesho ukiwa unakimbia kwenye zulia, mbele ya kamera, na wale makocha watatu wa ligi kuu wanakutazama, ukumbuke ni jedwali la nani lililokuweka pale."

"Nitakumbuka." Mshale alitazama sakafu kidogo. "Nimekutana na Kipa kituo cha afya. Anakusalimu."

"Kipa gani?"

"Kipa wetu! Yule aliyeacha kucheza. Anatembea kwa magongo mawili. Ameniambia: kamuulize dada yako, kwenye jedwali lake mimi ni namba ngapi?"

"Na wewe ulifuata nini kituo cha afya?"

"Nilipita tu." Mshale alishika mlango. "Mjibu mwenyewe basi. Mimi si posta."

Kengele ikalia. Kipenga alimfuata kwa macho dirishani. Alimwona akishuka kidaraja cha duka kwa mguu wa kushoto kwanza, polepole, kama mtu anayeshuka kwenye maji asiyojua kina chake.

Mashine ilikuwa imefika nakala ya kumi na moja.

Alifungua faili la hesabu. Hakuwa mtu wa kuokota namba barabarani. Kila jeraha alilohesabu alikuwa na jina lake, tarehe na ujumbe uliolitaja. Wa udongo kumi na wawili, wa nyasi wanne. Alipitisha kidole kwenye skrini mara mbili. Kipa hakuwemo.

Haiwezekani, alijiambia. Mtu anayetembea kwa magongo ataachaje kuwemo?

Alitafuta jina la akaunti ya Kipa kwenye Jukwaa. Hakuna kitu. Ndipo alipokumbuka kapu.

Kila kilichofutwa kilikaa kapuni siku tisini, kisha kikapotea chenyewe. Wenye ufunguo wa kapu walikuwa wasimamizi wawili tu, na tangu aupate Kipenga hakuwahi kulifungua, kama mtu asivyorudi jalalani kukagua alichotupa. Alilifungua. Aliandika neno moja: goti.

Ujumbe wa Kipa ulikuwa wa tatu kutoka juu. "Jana nimeumia goti uwanja mpya. Sikuguswa na mtu, nilijigeuza tu, kiatu kikabaki kimeng'ang'ania. Daktari amesema nisubiri picha. Wenzangu, kuweni makini na yale majani." Chini yake, kwa herufi za kijivu, mkono wa Kipenga:

Kama ni goti, lete ripoti.

Watu mia mbili na kumi na wanne walikuwa wameucheka mstari ule.

Nakala ya ishirini na tatu. Ishirini na nne.

Kanuni ya Saba ilisema hivi: taarifa ya jeraha isiyo na karatasi ya daktari ifutwe. Ilikuwa na sababu nzuri. Kabla yake, watu wa kubeti walikuwa wanamvunja mchezaji mguu kwa maneno siku ya Ijumaa, wakavuna Jumamosi. Kipenga aliitetea kanuni ile kwa meno. Sasa aliitafuta tarehe yake. Ilianza Jumatatu. Akatafuta tarehe ya kufunguliwa kwa uwanja mpya. Jumamosi ya wiki ileile.

Aliketi. Kiti kililia.

Mechi zote za udongo zilichezwa kabla ya kanuni, wakati kila aliyeumia aliandika na maneno yake yakabaki. Mechi zote za nyasi zilichezwa baada ya kanuni, wakati aliyeumia aliandika na Kipenga akafuta. Halafu Kipenga huyohuyo alikuja na kalamu, akahesabu yaliyobaki, akatangaza kwamba nyasi haziumizi watu. Alikuwa amefagia sakafu kwa mkono mmoja na kuisifu kwa usafi kwa mkono wa pili.

Na kulikuwa na baya zaidi. Mtu akichubuka ngozi, anashonwa siku hiyohiyo na kupewa karatasi yake. Goti halina karatasi ya siku hiyohiyo. Goti linasubiri uvimbe ushuke, linasubiri picha, linasubiri daktari wa mifupa anayekuja mara moja kwa juma. Kanuni ya Saba haikufuta majeraha yote sawasawa. Ilikuwa inachagua magoti.

Kapuni kulikuwa na jumbe thelathini na moja za majeraha. Alizisoma moja baada ya nyingine. Mashine ikamaliza nakala hamsini, ikanyamaza, naye hakugeuka. Tisa zilikuwa uvumi: fulani kamsikia fulani. Nane zilikuwa marudio, jeraha lilelile likisimuliwa na watu wawili watatu. Zikabaki kumi na nne, kila moja na mtu wake. Chini ya kila moja, kina.

Ya kumi na nne ilitoka kwenye akaunti isiyo na picha, jina lake Mpita Njia. Ilikuwa ya wiki mbili nyuma.

"Naomba ushauri. Goti langu la kulia linajifunga nikishuka ngazi, hasa nikifika ile ya tatu iliyovunjika ukingo, nashindwa kabisa. Nilijigeuza uwanja mpya nikasikia kitu kimelia ndani. Inabidi nikae nijifanye nafunga kiatu mpaka lifunguke. Je, litapona lenyewe? Sitaki nyumbani wajue."

Kwenye jengo walilokaa, ngazi ya tatu kutoka juu ilikuwa imevunjika ukingo tangu wakiwa wadogo. Na kwa wiki mbili sasa, kila asubuhi, mdogo wake alikuwa anaketi pale kufunga kiatu. Kipenga mwenyewe alimruka juzi kwa haraka akamwambia, "Wewe na kiatu hicho mtaoana lini?"

Kama ni goti, lete ripoti. Siku ile alikuwa na kazi nyingi. Hakutunga kipya, alirudia kilekile.

Kengele ya mlango ikalia, akaruka. Ni mjumbe wa kamati.

"Tayari, binti?"

Kipenga alizitazama nakala hamsini zilizolala kwenye sinia ya mashine, bado zina joto.

"Mashine imezitafuna," alisema. "Nitaleta mwenyewe."

"Mpaka saa kumi, tafadhali. Saa kumi kalamu inashuka."

"Nitaleta kabla."

Alipotoka, Kipenga alizikusanya nakala zote, akazisukuma chini ya kaunta kwa mguu. Alifunga duka saa sita kamili.

* * *

Nyumbani, cherehani ya mama ilikuwa inanguruma sebuleni. Mama aliinama juu ya jezi nyekundu, pini mbili mdomoni, namba saba ikiwa nusu imeshonwa.

"Mbona mapema?" aliuliza kwa upande wa mdomo usio na pini.

"Kuna kazi ya Jukwaa."

"Jukwaa linakulisha?"

"Linaninyima usingizi tu, mama."

Chumbani, Mshale alikuwa amelala chali kitandani kwake, mguu wa kulia juu ya mto. Mlango ulipofunguka aliuvuta mguu chini haraka, akachukua simu, akajifanya anasoma. Kipenga aliona, akajifanya hakuona. Aliketi kwenye kitanda chake, mita mbili kutoka pale, akafungua kompyuta mpakato mapajani.

Angeweza kusema. Sentensi moja ingetosha: nimeona ujumbe wako. Lakini siku Mzee Kufuli alipompa ufunguo wa kapu alimwapisha kwa maneno ambayo hakuyasahau: unachokiona ndani kwa sababu ya ufunguo, nje hukijui. Msimamizi anayemtambua mtu aliyejificha, akaenda kumkamata nyumbani kwake, huyo si msimamizi, ni mpelelezi. Na aliyejificha alikuwa ameandika wazi: sitaki nyumbani wajue.

Kwa hiyo aliandika ujumbe mmoja, maneno yaleyale kwa watu wote kumi na wanne.

"Mimi ni Kipenga. Nilifuta taarifa yako ya jeraha na nikaifanyia mzaha. Nakuomba radhi. Jedwali nililotoa ni la uongo kwa sababu hiyo. Kamati inatia saini uwanja leo saa kumi. Naomba ruhusa yako nikuhesabu, bila jina. Jibu ndiyo au hapana."

Alibonyeza kutuma.

Kwenye kitanda cha pili, simu ikatetemeka.

Hakuna aliyegeuka. Kipenga alikaza macho kwenye skrini. Alisikia kucha ikigusa kioo cha simu, kisha pumzi iliyoshikwa ikakaa bila kutoka. Sebuleni cherehani ilinguruma, ikanyamaza, ikanguruma.

Majibu yalianza kuingia. Ndiyo. Ndiyo, na asante. Ndiyo, ila vina vyako viliniuma kuliko goti. Ndiyo. Mmoja aliandika tusi refu, na mwisho wake: ndiyo. Ilipofika saa saba na nusu walikuwa wamefika kumi. Kisha likaja jibu la Mpita Njia.

"Hapana. Mpaka Jumapili."

Kipenga alilisoma mpaka herufi zikaanza kuogelea. Jumapili, siku moja baada ya fainali.

"Vipi huko?" Mshale aliuliza, macho darini. Sauti yake ilikuwa nyepesi mno. "Wanakukubalia?"

"Wengi. Mmoja amekataa."

"Labda ana sababu zake."

"Labda."

"Labda amesubiri kitu miaka mingi, na kitu chenyewe ni kesho."

"Goti halijui kesho ni nini," Kipenga alisema. "Goti si mwanachama."

"Wewe dada umewahi kucheza mpira?"

"Sijawahi."

"Basi usilisemee goti." Mshale aliketi. Uso ulikuwa umemwiva. "Uwanja ukirudi kwenye udongo hakuna kamera. Kule hakuna hata pa kukalia. Makocha wakubwa watakuja kukaa juu ya matofali? Huyo mtu wako aliyekataa, akisema ndiyo, anajifuta mwenyewe. Umemfuta mara ya kwanza, sasa unamwomba aje akusaidie kumfuta mara ya pili."

"Sijamlazimisha. Amesema hapana, na hapana yake nimeiheshimu. Hayumo."

"Hayumo?"

"Hayumo. Wala simjui ni nani."

Walitazamana. Kipenga ndiye aliyeinamisha macho kwanza.

"Ninyi wawili mnanong'onezana nini?" mama aliita. "Mkinyamaza hivyo nikiwa na sindano mkononi, najichoma!"

"Hakuna kitu, mama!" wakajibu kwa pamoja, kama walivyojibu wakiwa na miaka sita na minane, sukari bado midomoni.

Simu ya Kipenga ikaita. Alikuwa anaandika kwa mikono yote miwili, akaiweka kwenye spika bila kufikiri.

"Kipenga mwenyewe?" Sauti ya Kipa ilijaa chumba. "Kwenye maandishi sitoshi. Nataka unisikie. Una kina leo?"

"Sina, dada."

"Ajabu! Mbuzi kakosa la kutafuna. Haya, ndiyo yangu unayo. Na karatasi sasa ninayo, ilichukua siku ishirini na tatu. Unataka nikusomee?"

"Nataka kujua kitu kimoja tu, kwa ajili ya hesabu. Siku ile uliyoandika, ndiyo siku lilipoanza?"

"Hapana. Lilianza wiki mbili nyuma. Lilikuwa linajifunga na kufunguka. Nikishuka kitandani, linakwama kama droo mbovu. Nikasema acha tumalize nusu fainali, Jumapili nitaenda hospitali. Basi Jumapili nikaenda kweli. Nimebebwa."

Mshale hakutikisika.

"Daktari akaniambia, ungekuja lilipokuwa linajifunga tu, tungeshona gegedu lililochanika, ungerudi uwanjani. Sasa naambiwa nishukuru nikitembea bila magongo mwakani. Na kazi yangu unaijua. Fundi rangi ukiwa juu ya jukwaa la mbao, magoti ndiyo ofisi. Andika hilo kwenye jedwali lako, kama kuna safu yake."

"Hakuna safu yake," Kipenga alisema.

"Basi ongeza."

Simu ikakatika. Mshale alijilaza tena, akaugeukia ukuta. Mto ulikuwa katikati ya kitanda, karibu na mguu wake. Hakuugusa.

* * *

Saa tisa na nusu jedwali jipya lilikuwa tayari. Kati ya watu kumi na wanne, kumi na wawili walikuwa wamekubali, mmoja hakujibu, mmoja alikataa. Uwanja wa udongo: mechi arobaini na nane, majeraha kumi na mawili, magoti mawili, yaliyobaki ni michubuko, vidole, na mfupa mmoja wa bega. Uwanja mpya: mechi arobaini, majeraha kumi na sita, magoti kumi na moja.

Angeishia hapo mtu angesema tofauti si kubwa sana, moja kwa mechi nne dhidi ya moja kwa mechi mbili na nusu. Ndiyo maana aliongeza safu ya Kipa, ya siku ambazo mtu hakuweza kwenda kazini. Michubuko ya udongo ilikuwa na siku mbili, tatu, tano. Magoti ya nyasi yalikuwa na sitini, themanini, na mengine hayakuwa na namba, yalikuwa na neno: bado. Kwenye jedwali la zamani ngozi na goti vyote vilikuwa moja. Huko ndiko kuweka unyoya na jiwe kwenye mizani na kusema, hesabu yake ni vitu viwili.

Chini aliandika: Aliyefuta ni mimi, aliyehesabu ni mimi, aliyekosea ni mimi. Hakukuwa na kina. Akaweka juu ya Jukwaa.

Watu mia moja walisoma katika dakika ya kwanza. Mia tatu katika ya pili. Dakika ya tatu ukurasa ulipepesa, na mahali pa jedwali palikuwa na mstari wa kijivu.

Kilichofutwa hakitoki. Kufuli.

Alikuwa hajawahi kuuona mstari wa kijivu kutoka upande huu. Ulikuwa mfupi kama kofi.

Akapiga simu. Spika ilikuwa bado imewashwa, hakujali.

"Mzee, shikamoo. Rudisha lile jedwali."

"Marahaba, binti. Silirudishi." Sauti yake ilikuwa tulivu, ya mtu aliyezoea kusema stoo imefungwa. "Kapu si gazeti."

"Nimeomba ruhusa ya kila mmoja. Hakuna jina hata moja."

"Ndiyo hapo. Saa kumi kamati wataniuliza mimi: magoti haya ni ya nani? Niwajibu ni ya majini?"

"Kipa yuko tayari kusimama. Ana karatasi."

"Kipa aliwatukana kamati getini mbele ya watu mia. Watasema ana kinyongo, na watakuwa hawajakosea sana." Mzee alivuta pumzi. "Binti, unajua kanuni ile ilitoka wapi. Mwanangu alikuwa mzima kama nondo. Mtu mmoja akaandika, ameteguka. Kocha akamweka benchi siku ileile waliyokuja kumtazama. Leo anauza vipuri vya pikipiki, na Jumamosi hatoki nje asisikie filimbi. Uongo mmoja tu."

"Najua, mzee. Na kwa ajili ya jeraha moja la uongo tumefuta kumi na manne ya kweli."

Kipenga alitazama kona ya skrini.

"Saa tisa na dakika arobaini," Kipenga alisema. "Mzee, nakuomba."

"Kumi na manne ya kweli umeyajuaje? Kila aliyeandika ana lake. Wapo wanaotaka uwanja wa udongo kwa sababu timu yao inashinda huko. Mimi nimekaa mlangoni miaka tisa, nimejifunza kitu kimoja. Nionyeshe mtu anayepata hasara kwa kusema. Mmoja tu. Huyo nitamwamini, na kamati nitaibeba mgongoni. Unaye?"

Kipenga alifungua mdomo. Alikuwa naye. Alikuwa mita mbili kutoka kwake, amegeukia ukuta, mabega yamepanda kama ya mtu anayengoja mvua imshukie. Neno lilifika kwenye ulimi, zito, tayari kutoka. Akalimeza.

"Sina," alisema. "Yupo aliyekataa kuhesabiwa, na siwezi kumtaja."

"Basi pole, binti."

Kitanda cha pili kikalia. Mshale alikuwa amesimama kwa mguu mmoja. Alivuka zile mita mbili akishikilia ukingo wa meza, bila kuficha, akainamia simu.

"Shikamoo, mzee. Mimi ni Mpita Njia."

"Nani?"

"Mpita Njia. Niliandika wiki mbili zilizopita, dada akanipuliza. Kwenye timu naitwa Mshale, namba saba. Kesho makocha watatu wanakuja kunitazama mimi. Goti langu la kulia linajifunga. Leo asubuhi nimeenda kituo cha afya, daktari amenikataza kucheza, nimeificha karatasi kwenye soksi." Sauti ilikatika, akaikamata. "Niko fainali ya kwanza maishani mwangu na sitaicheza. Hasara hiyo inatosha, au niongeze?"

Cherehani ya mama ilikuwa imenyamaza. Hakuna aliyejua tangu lini.

Upande wa pili wa simu mzee alikohoa, na kikohozi hakikuwa cha kifua.

"Binti mdogo," alisema. "Kanuni inataka ruhusa kwa maandishi. Siwezi kuivunja hata leo."

"Naandika."

"Andika. Mimi naenda kuvaa viatu. Ofisi ya kamati ni hatua mia mbili kutoka kwangu."

Simu ikakatika. Saa tisa na dakika arobaini na sita.

Kipenga aliinuka amkumbatie. Mshale alimzuia kwa kiganja. "Usiniguse, nitalia. Tengeneza namba zako kwanza."

Mlangoni alisimama mama, jezi mkononi, pini bado mdomoni. Alizitoa moja moja, akazichoma kwenye kola yake. Alimtazama mwanawe mdogo kutoka usoni mpaka kwenye goti, akarudi usoni.

"Soksi gani?" aliuliza.

"Ya kushoto, mama."

"Lete."

Mshale akaitoa, karatasi iliyokunjwa mara nne, ina unyevu. Mama aliisoma yote, na sahihi, na muhuri. Hakupaza sauti, na hiyo ilitisha zaidi. "Kesho asubuhi tunaenda pamoja kwa daktari wa mifupa. Tutakaa mlangoni kwake kabla mlinzi hajaamka." Kisha akaikung'uta jezi. "Na namba hii? Niimalizie au niache?"

"Malizia, mama," Mshale alisema. "Kuna atakayeivaa."

Jedwali lilirudi saa tisa na dakika hamsini na moja. Kwenye mstari wa kijivu Mzee Kufuli alikuwa ameandika neno moja, Limefunguliwa, na hapo wanachama elfu kumi na nane waliona kitu ambacho hawakuwahi kukiona katika miaka tisa. Saa kumi na dakika ishirini ndipo kamati ilipotangaza: fainali, uwanja wa udongo. Kamera hazitafika. Kati ya makocha watatu, mmoja alisema atakuja hata akikaa juu ya matofali. Wawili hawakusema kitu.

Lakini hayo yalikuwa bado. Kabla yake, saa tisa na dakika arobaini na nane, Kipenga alikuwa amekaa na vidole juu ya herufi, kumi na sita ikimngoja iwe kumi na saba, na hakuigusa. Alikuwa anasubiri. Mdogo wake aliketi kando yake, mguu juu ya mto, anaandika kwa kidole gumba, taratibu, kama anayechonga.

Ujumbe ukaingia. Mpita Njia: "Ndiyo. Nihesabu."

Na chini yake, kabla Kipenga hajafuta macho, ukaingia wa pili: "Kama ni goti, hii hapa ripoti."